Fisi Mpima Faida

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ndimi zao wenyewe na akili za kuazima, ukame uliingia bonde la Kisanzu ukakataa kutoka. Mvua za vuli zilipita mbali. Za masika hazikuonekana kabisa. Nyasi zikawa mabua, mabua yakawa vumbi, na mto ukabaki mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Chini ya mchanga huo palikuwa na kisima kimoja. Nyati walikichimba kwa kwato na pembe, na wengine wakatoa mchanga kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Maji yake yalichuruzika polepole. Alfajiri yalifika kwenye jiwe jeupe lililochomoza ukutani mwa kisima, na jioni yalikuwa yamekwisha. Kwa sababu hiyo bonde lilikuwa na desturi moja: mdogo hutangulia. Walianza ndege na vifaranga wao, wakafuata sungura na kobe, kisha swala, pundamilia na nyati. Fisi na Simba walikunywa mwisho. Mdogo hunywa kidogo na havurugi, mkubwa hunywa sana na hutibua tope. Jambo hilo halikuhitaji msomi wa kulieleza.

Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba, waliototolewa wakati mbaya kuliko nyakati zote. Mumewe aliliwa na Chui kabla mayai hayajapasuka. Kila alfajiri aliwapanga mstari, akawahesabu, akawapeleka kisimani, na akashukuru kwamba angalau jambo moja bondeni halijaharibika. Hakuwa mwerevu na hakujidai. Alijua kupekua, kuhesabu hadi saba, na kupiga kelele.

Ndipo Fisi akarudi kutoka safari yake.

Miezi mitatu Fisi alikuwa amelala ng'ambo ya kilima, kwenye jaa lililo nyuma ya ukumbi wa binadamu, mahali wanapokutana kwa semina. Mchana alikula mifupa ya kuku wa semina, na maneno ya semina yakimjia kupitia dirishani. Mifupa na maneno, vyote aliviramba bila kuvitafuna. Alirudi manyoya yanang'aa, tumbo limetuna, na mdomoni amebana karatasi ambayo hakujua kuisoma. Mfalme Simba alipoitisha baraza kuzungumzia ukame, Fisi aliomba nafasi ya kwanza.

"Ndugu wadau," alisema, "nimetembea, nimeona, nimesoma. Tatizo la bonde hili si ukame. Tatizo ni kwamba kisima kinaendeshwa kwa huruma."

"Kinaendeshwa kwa zamu," Mzee Kobe alisema.

"Zamu isiyo na tija, Mzee wangu, ni hasara iliyopangwa foleni. Tone analokunywa kifaranga ni tone alilonyimwa mzalishaji. Wenzetu wameendelea kwa sababu wanapima. Anayeleta faida kubwa anywe kwanza. Akinawiri yeye, na uchumi wa bonde umenawiri."

Hakuna aliyejua mzalishaji ni mnyama gani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyetaka kuuliza. Pundamilia wakatikisa vichwa. Pundamilia hutikisa vichwa hata wanapofukuza nzi, lakini Fisi alizihesabu hizo kuwa ni kura.

Kisha akamgeukia Simba, akainama mpaka kidevu kikagusa mchanga. "Mfalme, uniwie radhi kwa swali. Hapa kwetu nani hunywa wa mwisho?"

"Mimi," Simba alisema kwa fahari. "Mkubwa ndiye mvumilivu. Baba yangu alikunywa wa mwisho, na babu yangu vilevile."

"Kule nilikosoma, Mfalme, anayekunywa wa mwisho huitwa mzigo."

Manyoya ya shingoni mwa Simba yakasimama. Fisi hakumpa muda wa kuunguruma. "Na ni dhuluma tupu, kwa maana ngurumo yako ndiyo amani, na amani ndiyo mazingira wezeshi. Bila mazingira wezeshi hakuna uchumi. Kwa kipimo chochote utakachotaka, wa kwanza ni wewe."

Simba hakujua kama mazingira wezeshi ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa, lakini hilo la kuwa wa kwanza alilielewa papo hapo. Akajilaza vizuri, akasema Fisi aendelee.

Bi Kanga akatazama vifaranga wake waliojikunyata chini ya mbawa zake. "Lakini wanangu watakufa," alisema.

Fisi akamwangalia kwa upole, upole wa mchinjaji anayeshika mbuzi. "Pole sana, Bi Kanga. Hakuna anayekataa kwamba una uchungu. Ila uchungu si hoja. Baraza hili linataka hoja."

Neno hilo lilimchoma Bi Kanga. Aliona macho yote yamemgeukia, akaona aibu kwamba amekuja barazani na watoto tu. Akakuna kichwa chake chenye upara, akatafuta kitu cha kusema kinachofanana na alichosema Fisi. Akakipata, na akafurahi kukipata. Maskini.

"Ninayo hoja," alisema. "Sisi kanga tunakula kupe. Bila sisi, nyati wangenyonywa damu mpaka wakauke. Kwa hiyo nasi tuna faida."

"Asante sana," Fisi akasema, na sauti yake ikawa tamu. "Huo sasa ndio mchango. Mmesikia, ndugu wadau? Hata Bi Kanga amekubali kwamba maji ni ya mwenye faida. Ubishi umekwisha. Kilichobaki ni kupima tu: kupe wangapi, na wanene kiasi gani."

Bi Kanga akawatazama tena vifaranga wake. Alikuwa amekuja kuulinda mlango, na sasa ameufungua kwa mkono wake.

Baada ya hapo baraza likageuka soko la majisifu. Nyati alisema kinyesi chake ndicho kinachootesha nyasi, ingawa nyasi zenyewe zilikuwa hazijaonekana mwaka mzima. Pundamilia alisema mistari yake huvutia wageni, na alipoulizwa wageni gani akasema wako njiani. Swala alisema mbio zake huchangamsha bonde. Wanyama waliokuwa wakinywa pamoja tangu kuzaliwa walianza kutazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimpunguzia jirani yake kidogo ili yeye aongezeke.

"Na wewe, Mzee Kobe, unachangia nini?" Fisi aliuliza.

"Sichangii kitu. Hapa huwa nakuja kunywa."

"Andika: hana," Fisi akamwambia mpwa wake. Mpwa wake hakujua kuandika, akachora mstari mchangani na kuusimamia kwa kiburi kama karani.

Baraza lilipomalizika, Fisi alikuwa Mpimaji wa Kisima. Simba alikunywa wa kwanza. Wa pili alikunywa Mpimaji mwenyewe, kwa maelezo kwamba bila kipimo hakuna faida, na bila mpimaji hakuna kipimo. Wa tatu walikunywa wapwa zake wanne, waliopewa cheo cha wataalamu. Walipomaliza, maji yalikuwa nusu na tope limekwisha panda. Nyati na pundamilia wakavuruga yaliyobaki. Ilipofika zamu ya ndege, jua lilikuwa utosini na kisimani mna uji mweusi.

Bi Kanga aliusukuma uji huo kwa mdomo akitafuta unyevu. Siku ya kwanza alipata. Siku ya pili alipata kidogo. Siku ya tatu kifaranga wa mwisho, yule mwenye mguu mbovu, hakuamka. Bi Kanga alihesabu mpaka sita akarudia tena kuanzia mwanzo, na bado wakawa sita. Alikaa juu ya kile kifaranga kilichopoa mpaka jua likapanda, akilia bila sauti, kwa sababu hata koo lake lilikuwa limekauka.

Jirani zake walimpa pole. Kisha Swala akamnong'oneza Pundamilia kwamba, kwa kweli, ukipima kwa haki, kifaranga mwenye mguu mbovu asingekula kupe wengi. Bi Kanga alimsikia. Aliinuka, akawakusanya waliobaki, akaenda kumtafuta Sungura.

Sungura alikuwa amekaa barazani siku ile bila kusema neno, akicheka masharubuni. Kiu haikumbana kama wengine, maana alikuwa amegundua mahali kwenye mawe ambapo umande hujikusanya kabla ya mapambazuko, na hakumwambia mtu. Ndivyo alivyo.

"Ulijua," Bi Kanga alimwambia. "Ulijua siku ile anachofanya Fisi, ukanyamaza."

"Nilijua."

"Mwanangu amekufa, Sungura."

Sungura akaacha kutafuna. Mjanja pia ana aibu, ila huiweka mbali isimsumbue. "Nionyeshe kosa langu," Bi Kanga aliendelea. "Nilileta hoja. Nilisema kuhusu kupe, na ni kweli tunawala. Kwa nini nikashindwa?"

"Kwa sababu ulikwenda kupimwa kwenye mizani ya mwizi," Sungura alisema. "Ukishakanyaga mizani yake, hata ukiwa mzito kama kiboko, atakayesoma uzito ni yeye. Ulipaswa kusema wanangu wana kiu, ukakaa chini. Lakini hilo limepita. Sasa mizani ipo, na yeye anadhani haina nafasi ya kumpima mwenyewe. Waache wanao walambe umande wangu kwenye yale mawe, halafu kesho utafanya nitakalokuambia hata kama litakuudhi."

Kesho yake Sungura aliomba baraza. Alianza kwa kumsifu Fisi mpaka wapwa wakapiga miguu chini kwa furaha. Alisema tangu bonde liumbwe halijapata kichwa cha namna hiyo. Alisema yeye mwenyewe hapati usingizi kwa kuifikiria tija.

"Ila kuna upungufu mmoja, Bwana Mpimaji, nao si wako, ni wetu," akasema. "Umepima kwa maneno, na sisi wote ni waongo. Kila mtu amejisifu. Je, hiyo ni takwimu?"

Fisi alisikia neno takwimu akashindwa kulikataa. "Si takwimu," alikiri.

"Basi tupime kwa vitendo. Anayedai ana faida avuke kilima, akae huko kutwa nzima. Sisi tutabaki na kuangalia ni kitu gani kimeharibika kwa kukosekana kwake. Vikiharibika vingi, faida yake ni kubwa. Kisipoharibika kitu, tumejua. Tuanze na huyu Bi Kanga anayetulilia kila siku."

Fisi alinusa mtego, pua yake si mbaya. Lakini aliona pia kwamba Bi Kanga akiondoka kutakuwa na midomo michache kisimani, na tamaa yake siku zote hufika kabla ya akili yake. Akasema ni pendekezo la kitaalamu. Simba akakubali. Mfalme yeye, Sungura aliongeza upesi, hapimwi, kwa sababu hupimwa kitu kinachoweza kupungua. Simba aliona hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote zilizotolewa mwaka huo.

Bi Kanga aliudhika, lakini alivuka kilima na vifaranga wake sita. Siku hiyo hapakuwa na wa kupekua kandokando ya vichaka na kupiga kelele akiona madoa yanasogea. Saa nne Chui alitambaa mpaka hatua kumi za kisima, na hakuna aliyejua. Alimrukia ndama wa Nyati, akaondoka na sikio lake. Ndama alinusurika kwa sababu tu Chui aliteleza kwenye tope. Bi Kanga aliporudi jioni, Nyati alimpisha njia.

"Kipimo kinafanya kazi," Sungura alisema barazani. "Sasa bonde lingependa kujua faida ya Mpimaji. Naamini kesho, yeye na wataalamu wake wakikosekana, huenda hata jua lisichomoze."

Wanyama wakamtazama Fisi. Fisi akaanza kueleza kwamba kuna masuala ya mbinu, kwamba sampuli ni ndogo, kwamba mpimaji kwa kawaida hubaki nje ya kipimo. Simba akapiga miayo na kuonyesha meno yote.

"Nenda," alisema. "Au nianze kufikiri kwamba umenipa ushauri wa kubahatisha?"

Fisi akaenda, na wapwa zake wanne nyuma yake mikia imelegea.

Alfajiri ya kesho yake maji yalikuwa kwenye jiwe jeupe. Simba alikunywa, kisha wengine wakanywa, na kwa kuwa matumbo matano makubwa hayakuwapo, mpaka saa sita maji bado yalionekana, safi, na mbingu ndani yake. Vifaranga sita walikunywa mpaka wakainua midomo juu. Kila mtu aliona. Hakuna kilichoharibika, na kilichokuwa kimeharibika kilikuwa kimetengenezeka chenyewe. Bi Kanga aliwatazama wanawe na moyo wake ukamuuma kwa furaha na kwa yule wa saba, vyote kwa pamoja.

Fisi kule kilimani angeweza kuvumilia kutwa moja. Mnyama mwingine yeyote angevumilia. Lakini alilala juani akiwaza maji yake yakinywewa na wasio na tija, na kila alilowaza lilimpandisha kiu. Wanyama walipojitawanya vivulini mchana, aliwaacha wapwa zake wamelala, akashuka kwa tumbo kupitia mawe mpaka kisimani. Tangu awe Mpimaji hakuna aliyekuwa akitoa mchanga wala kulainisha kingo, maana kazi hiyo haikuwa kwenye kipimo, na kuta zilikuwa zimesimama wima. Fisi akainama, akafikia maji, akanywa, akainama zaidi. Mchanga ukamomonyoka. Akaingia kichwa chini, miguu ya nyuma ikipiga hewa.

Bi Kanga ndiye aliyemwona. Akapiga kelele zake zote, zile alizozihifadhi tangu siku ya tatu, na bonde zima likaja mbio likidhani ni Chui.

Nyati walimvuta kwa pembe. Akatoka amelowa maji, tumbo kama ngoma, mdomo umejaa mchanga. Simba akamsimamia.

"Tulikuambia ukae ng'ambo mpaka jua lizame."

"Mfalme, nilikuja kukagua tu," Fisi alisema akitema mchanga. "Nilitaka kuhakikisha takwimu zinakusanywa vizuri."

"Takwimu zimekusanywa," Sungura alisema. "Ulipokosekana, maji yaliongezeka. Kwa kipimo chako, wewe si faida. Wewe ni hasara yenye manyoya."

Wanyama wakacheka. Ni jambo geni kwa Fisi, anayecheka siku zote, kusikia kicheko cha wengine. Akatafuta hoja, akazikuta zote zimelowa. Aliyoipata mwisho aliitoa bila kuitazama.

"Kipimo chenyewe ni kibovu," alifoka. "Mtu yeyote akiondoka, maji huongezeka. Hata Simba. Mwondoeni Simba siku moja mwone kama kuna kitakachoharibika. Maji yatafika kwenye jiwe na kulipita, na hakuna atakayemkumbuka."

Kila mnyama alijua kwamba hilo ndilo neno la kweli la kwanza Fisi kulisema tangu arudi. Na kwa kuwa lilikuwa la kweli, hakuna aliyethubutu kumwangalia Simba usoni.

Simba hakuunguruma. Alimpiga Fisi kofi moja la kiunoni, akaanguka upande, na mgongo wake ukainama nyuma kama unavyoonekana mpaka leo. "Nenda kwenye jaa lako," alisema. "Sisi tutakaa hapa tuangalie kama umekosekana." Fisi akavuka kilima akichechemea, na hakuna aliyemtaja tena isipokuwa kwa kumcheka.

Mngedhani wanyama walijifunza. Jioni ileile Nyati, huku ndama wake mwenye sikio moja akimwegemea, aliinua kichwa na kusema, "Fisi alikuwa mwizi, lakini kipimo si kibaya. Kimetusaidia. Bi Kanga na arudi nafasi ya kwanza, ameonyesha faida yake. Kesho iwe zamu ya Mzee Kobe kuvuka kilima."

"Ni haki," Swala alisema. "Tuone kitakachoharibika Kobe akikosekana."

Mzee Kobe aliingiza kichwa chake gambani. Wote walijua hakuna kitakachoharibika. Kwa mwendo wake, kilima chenyewe kingemchukua siku tatu, na kwenye mawe yale angekufa njiani.

Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Bi Kanga sasa, tena kwa kura. Vifaranga wake sita wangekunywa maji ya jiwe jeupe kila alfajiri, na kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu. Akawahesabu. Akahesabu tena. Kisha akatoka mbele.

"Nafasi hiyo siitaki kwa ajili ya kelele zangu," alisema. "Siku moja koo litakauka nishindwe kupiga kelele, na siku hiyo mtawaua hawa sita kwa takwimu. Mzee Kobe atakunywa kwa sababu ana kiu. Na anayetaka kipimo kiendelee, kesho aanze yeye kuvuka kilima. Nyati, wewe ndiye uliyependekeza. Utaondoka saa ngapi?"

Nyati akatazama mchanga. Swala akakumbuka ana shughuli mahali. Alfajiri iliyofuata wadogo walitangulia, wakubwa wakasubiri, na Mzee Kobe alikunywa kwa muda mrefu sana, polepole, bila kumpa mtu maelezo yoyote.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.